Sisi ni wa Pili kwa Nyumba ya Gachanja

Nyumba za Reli, Muthurwa,
Nairobi.
23 Septemba 1984

Mpendwa ndugu yangu Masinde,

Pokea salamu kutoka kwangu, kwa shemeji yako Dishon na kwa watoto. Sisi hapa tu wazima, ukiondoa goti la Dishon ambalo zamani lilikuwa likitupa habari za mvua kabla ya redio. Mwaka huu hata goti limekosea mara nyingi. Je, wewe u hali gani? Lile jino lililokuwa likikusumbua ulipotuandikia limeshang'olewa, ama bado unalitunza? Nakujua unavyoogopa koleo.

Msalimie sana mwenye nyumba wako, Abdinoor, na umshukuru kwa kukukaribisha kama mtoto wa kwao. Mwambie maziwa ya ngamia uliyoyasifu tumeyakubali kwa maneno. Kuyanywa ni shauri lingine, tutaliangalia siku tukifika huko Wajir.

Habari za ukame wa upande huo tunazisikia. Redio ikitaja Wajir mimi huacha ninalolifanya nikasikiliza mpaka mwisho, halafu naendelea na sufuria zangu. Mkichimba kisima kikatoa maji, tuandikie. Kile cha mwezi wa tano ulipomwandikia Mama habari zake, aliichukua barua akaenda kuwasomea majirani wote wa Kimilili, pamoja na pale mwisho ulipoomba fulana za ndani.

Mama mwenyewe hajambo. Anauliza kama huko hakuna wasichana. Nimemjibu kwamba wako wengi, ila hawapiti karibu na mashine ya kuchimbia visima. Hakucheka. Ukija likizo jiandae kujibu mwenyewe.

Hapa mjini unga ni wa kupanga foleni. Nasimiyu ndiye mwenye miguu mizuri, kwa hivyo ndiye anayetumwa. Anarudi na pakiti moja na maneno mengi. Hatujalala njaa na sitaki ufikirie hivyo.

Sasa nije kwa uliloniuliza, la nyumba. Uliuliza kwa mstari mmoja, nami nitakujibu kwa kurasa, kwa sababu jibu la ndiyo au la bado halipo.

Unajua kwamba Dishon anastaafu mwisho wa Disemba, na hapa tunapokaa ni nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Tumekaa humu tangu kabla Nasimiyu hajazaliwa na hakuna hata msumari ukutani ulio wetu. Januari mtu mwingine ataweka kitanda chake mahali nilipoketi nikikuandikia, na sisi lazima tuwe na pa kuweka chetu. Kurudi nyumbani sote kwa mara moja hatuwezi, watoto wako shuleni. Na kupanga chumba kwa kiinua mgongo cha Dishon ni kukimega mwezi kwa mwezi hadi kiishe.

Mwezi wa sita Dishon alisikia kwa mwenzake wa karakana kwamba kuna fundi wa mawe huko Umoja, Mzee Gachanja, anayeuza nyumba ili ahamie Kinangop, ambako anataka kununua shamba. Tukaenda Jumamosi kuiona. Ina vyumba viwili, jiko, na choo cha ndani, na nyuma pana nafasi ambapo mzee ameshaweka msingi wa chumba cha tatu. Mawe ya msingi ameyachonga mwenyewe. Nilipitisha kidole kwenye maungio nikaona huyu ni mtu asiyeharakisha kazi. Masinde, mimi si mtu wa kupenda vitu upesi, wewe unanijua, lakini nyumba ile niliipenda nikiwa bado mlangoni. Dirisha la jikoni linaingiza jua la asubuhi moja kwa moja mezani. Hapa kwetu jua tunalifuata nje.

Gachanja akatuzungusha kote, akatupa chai, na vikombe vilipokwisha ndipo akatuambia kwamba nyumba ameshaiuza.

Dishon alikasirika vile anavyokasirika, yaani alivaa kofia. Gachanja akamwomba akae amalize kusikia. Alivyoeleza ni hivi. Mnunuzi yupo, wameandikiana mkataba kwa wakili, arubuni imelipwa, na mnunuzi amepewa miezi mitatu alete zilizobaki. Lakini mwaka jana mzee aliandikiana vivyo hivyo na mtu mwingine, akamngoja mpaka siku ya mwisho, mtu akatokomea, na wote waliokuwa wakiitaka nyumba wakawa wameshanunua kwingine. Safari hii anataka mtu wa pili aandikwe nyuma ya wa kwanza, kama dereva anavyobeba gurudumu la akiba. Wa kwanza akishindwa, wa pili anaitwa mara moja, kwa bei ile ile. Wa kwanza akifaulu, wa pili anarudishiwa kidogo alichoweka na kwenda zake.

Mimi niliona ni jambo la haki kwa Gachanja. Kwa sisi sikuwa na hakika ni jambo gani. Dishon akaivua kofia.

Ofisi ya huyo wakili, bwana Aloo, iko juu ya duka la vitambaa, lakini wakili mwenyewe tulimwona mgongo tu. Aliyetushughulikia ni karani wake, mama mmoja anayeitwa Apondi, mwenye subira ya kueleza kitu mara tatu bila kubadilisha sauti. Alituambia kwamba wa kwanza hatajwi jina kwa wa pili, wala wa pili kwa wa kwanza, ili watu wasiende kusumbuana. Alituambia tunaweza kujitoa wakati wowote. Na karatasi ilisema wa pili akiitwa hupewa nusu ya muda aliopewa wa kwanza. Hilo tulilisoma tukaliona dogo. Dishon akauliza sasa kazi yetu ni nini katika miezi hiyo, na Apondi akasema kazi yetu ni kungoja.

Ndipo nilipokuandikia, nawe ukajibu kwamba posho yako ya kazi za nje ikitoka utaleta sehemu yako, maana kwa dada yako ndiko utakakoshukia ukija Nairobi. Barua hiyo Dishon aliisoma mara mbili. Jioni ile aliimba akinyoa ndevu.

Kungoja namna hii, Masinde, sijui kama umewahi kukujaribu. Jirani akiuliza kama tumepata pa kuhamia, ukisema ndiyo umedanganya, ukisema hapana pia umedanganya. Kuna rafiki ya Dishon aliyetushauri tutazame kiwanja Njiru. Tulienda siku moja tukasimama kwenye udongo mweusi, upepo ukivuma, choo cha karibu ni cha shule, nasi tukawa tunalinganisha kila kitu na dirisha la jikoni la watu. Hatukurudi tena Njiru. Jumapili baada ya ibada Dishon alikuwa akipotea, na ilikuwa rahisi kujua anakopotelea. Anakwenda Umoja kupita mbele ya nyumba ya Gachanja, upande wa pili wa barabara, kama mtu mwenye safari yake. Mimi nilimcheka. Halafu nilishona mapazia ya dirisha la jikoni nikayaweka chini ya sanduku, kwa hivyo sikuwa na haki ya kucheka.

Nasimiyu ndiye aliyesema neno la maana. Alikuwa amerudi kutoka foleni ya unga, amechoka, akasema, "Mathe, si tuambiwe tu kama tunahama ama hatuhami." Nikamwambia akishajua mtu wa kuulizwa anitajie.

Sasa sikiliza lililotokea mwezi wa saba. Unaukumbuka ushirika wetu wa akina mama, unaozunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Desturi yetu ni kwamba kila mmoja anasimama anataja haja yake, na mwenye nyumba ya siku hiyo ndiye anayezibeba haja zote mbele za Mungu. Zamani walikuwa wakisema tu, mnikumbuke, basi. Ni mimi niliyewafundisha kutaja jambo lenyewe kwa jina lake, kwa sababu niliona ni uvivu kumwachia Mungu kazi ya kubahatisha. Nilisimamia hilo miaka mingi na nilijiona nimefanya vizuri.

Alhamisi hiyo zamu ilikuwa yangu. Alikuwapo Warigia, ambaye humjui. Ni mama wa kutoka upande wa Murang'a, anauza viazi Marikiti, na mumewe Dedan anafanya kazi kiwanda cha sufuria Baba Dogo. Ni mtu ninayempenda. Nilipojifungua mtoto wetu wa mwisho, yeye ndiye aliyenipikia uji wiki nzima. Warigia akasimama, akataja haja yake kama nilivyomfundisha, yote kwa majina. Kwamba wamepata nyumba Umoja kwa fundi anayeitwa Gachanja. Kwamba arubuni wamelipa. Kwamba zilizobaki zitatoka chama cha mkopo cha kiwandani kwa kina Dedan, na kamati haijajibu. Kwamba Baba Dogo wanalala sita katika chumba kimoja. Na kwamba wakili amewaambia kuna mtu nyuma yao anayengoja washindwe.

Akina mama wakaguna kwa kumwonea huruma. Halafu wote wakainamisha vichwa, wakaningoja mimi.

Nilisimama. Nikamshukuru Mungu kwa jua, kwa afya na kwa miguu iliyotufikisha. Nikamwomba awakumbuke wote wanaotafuta mahali pa kukaa, kila mmoja kwa wakati wake, na mapenzi yake yatimizwe, amina. Gachanja sikumtaja, Dedan sikumtaja, kamati sikuitaja. Nilimwachia Mungu nafasi pana. Nilipokuwa nikigawa chai, mama mmoja, Wangeci, ambaye haachi kitu kipite, akasema leo maombi yamekuwa mafupi. Nikamwambia chai ilikuwa inapoa.

Nilipomweleza Dishon alikaa akitazama viatu vyake. Mwishowe akasema nisimwambie Warigia kitu. Wakili alitaka tusijuane, sasa tumejuana kwa upande mmoja, basi tuuache huo mmoja. Na akasema kwamba sisi hatukumnyang'anya mtu, tumesimama tu kwenye foleni kama ya unga. Ni kweli. Lakini kwenye foleni ya unga hakuna anayekuomba umwombee pakiti ya mwisho iwe yake.

Wiki zilizofuata Warigia alikuwa akileta habari. Kamati imeomba karatasi ya mshahara. Nilimwambia vizuri, na moyo wangu ukashuka. Wiki iliyofuata kamati imeahirisha. Nikamwambia atulie, na moyo wangu ukapanda, nami nikauona ukipanda. Sikufanya ubaya wowote, Masinde, ila nilikuwa nimegeuka mtu anayepima habari za rafiki yake kwa mizani mbili. Nilichoka na hilo kabla ya kuchoka na kungoja kwenyewe.

Mwezi wa nane nikaenda Marikiti. Dishon nilimwambia nakwenda kununua viazi, na ni kweli nilivinunua. Warigia alikuwa ameketi juu ya gunia akichambua, vyenye rangi ya kijani akiviweka kando.

Nikamwambia, "Warigia, ile nyumba ya Mzee Gachanja, yule mtu aliye nyuma yenu ni sisi."

Aliendelea kuchambua. Niliona amesikia kwa sababu aliweka kizuri kwenye vibaya, halafu akakitoa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaitaja kwangu. Lakini kwamba ni nyinyi mlio mbele, nilijua pale uliposimama."

"Kwa hivyo siku hiyo ulituombea ukijua."

"Nilijua."

Wateja wawili wakapita wakauliza bei, akawajibu vizuri tu. Kisha akanitazama.

"Sasa utakuwa ukiniombea namna gani, Mama Nasimiyu?"

Nikamwambia sijui, na ndiyo ilikuwa kweli.

"Basi usiniombee," akasema. "Niulize tu. Nikipata nitakuja kukuambia mimi. Nikikosa nitakuja kukuambia mimi. Hutaisikia kwa karani."

Akanipimia viazi na kuongeza viwili vitatu vya juu, kama anavyoniongezea kila siku. Nilibeba kikapu mpaka nyumbani nikijihisi mwepesi na mjinga kwa pamoja. Dishon aliposikia alisema nimeharibu. Baadaye akasema labda sikuharibu. Siku ya tatu akasema ni afadhali.

Mwezi huu umeanza na habari kwamba kiwanda cha Dedan kimepunguza kazi. Chuma hakipatikani, wanasema, na watu wanaingia siku tatu kwa wiki. Chama cha mkopo kikasema mtu wa nusu mshahara hawezi kupewa mkopo mkubwa. Siku ya Jumatano Warigia alinikuta nikianua nguo. Alishika ncha moja ya shuka bila kuambiwa, mimi nikashika nyingine, tukakunja.

"Nyumba ni yenu," akasema.

"Pole."

"Usiseme pole. Sema asante, ndiyo itakuwa kweli zaidi."

Nikasema zote mbili. Sitakuficha, Masinde, nilifurahi. Nilifurahi huku yeye akinikunjia shuka za kitanda changu. Tulizimaliza zote. Alipokwenda nilitoa mapazia chini ya sanduku nikayatazama, nikayarudisha, nikalia kidogo. Sijui nilikuwa nikimlilia nani.

Barua ya Apondi ikafika siku zilizofuata, nasi tukaenda mimi na Dishon, amevaa lile koti la kanisani. Hapo ndipo lile neno dogo lilipokuwa kubwa. Nusu ya muda wa wa kwanza inaishia tarehe ya mwisho ya Oktoba. Kiinua mgongo hakitoki kabla ya mtu kustaafu, na kustaafu ni Disemba. Dishon akamwomba Gachanja atuongezee miezi miwili. Mzee alisikitika kweli, niliona. Lakini yeye mwenyewe huko Kinangop ni mnunuzi, na mwenye shamba amemwekea mtu nyuma yake. Akichelewa, yule wa nyuma anaitwa. Kwa hivyo mzee anakimbizwa huko kama anavyotukimbiza hapa, na hakuna wa kumlaumu.

Tulicho nacho ni akiba yetu, na kidogo ambacho kaka yake Dishon ameahidi baada ya kuuza ng'ombe, na sehemu yako uliyoitaja. Vikikutana vyote vitatu kabla ya Oktoba kwisha, nyumba ni yetu. Chako kikikosekana, hatufiki, hata tukiuza kitanda.

Sasa nakuja kwa kilichonifanya niandike barua ndefu hivi. Gachanja hakutaka kubaki bila mtu nyuma yetu. Walikuwapo wawili walioomba. Mmoja ni mwenye duka la vyuma ambaye ana fedha mkononi na anataka nyumba aigawe vyumba apangishe. Wa pili ni Warigia. Arubuni yake Gachanja alikuwa amemrudishia, ingawa mkataba haukumlazimisha, na Warigia akaichukua akaileta tena pale pale ili aandikwe nyuma yetu. Gachanja akachagua kumtanguliza yeye, na mwenye duka awe wa tatu. Apondi, kwa kuwa sisi na Warigia tulishajuana, akatuuliza kama tuna neno juu ya hilo. Dishon akasema hana. Nami nikasema sina.

Kwa hivyo leo sisi ndio wa kwanza, na Warigia ndiye anayengoja tushindwe.

Dedan ameambiwa kiwanda kitarudi siku zote za wiki mwezi ujao. Kamati ya mkopo wao hukaa mwanzo wa Novemba, lakini maombi lazima yawe yamefika kabla ya Oktoba kwisha, na hawayapokei bila karatasi ya wakili kusema nyumba ni zamu yake. Ukifikiria vizuri utaona ilivyo. Tukijua mapema kwamba hatuwezi, tukajitoa, Warigia atapata karatasi yake na kamati itamsikia. Tukishikilia mpaka siku ya mwisho kwa matumaini, halafu tukashindwa, kamati itakuwa imefunga mlango, naye atashindwa pia, na nyumba itakwenda kwa mwenye duka la vyuma, ambaye hata jikoni hajaingia.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja, na si fedha. Nakuomba unijibu upesi na unijibu kweli. Kama posho imetoka na unaweza, sema unaweza, na unaleta lini. Kama haijatoka, au imetoka ikaenda kwa mambo yako, sema hivyo hivyo. Wewe una tabia ya kunyamaza unapoona haya. Nakumbuka ulipoanguka mtihani ulikaa kwa shangazi mwezi mzima. Usininyamazie safari hii. Sitakukasirikia. Dishon naye hatakukasirikia, nimeshamuuliza, ingawa alivaa kofia kabla ya kujibu. Ukisema hapana, nitakwenda Marikiti siku hiyo hiyo, na sisi tutarudi kutazama Njiru. Kunyamaza kwako tu ndiko kutakakotukosesha sote, sisi na Warigia.

Mpe barua dereva yeyote wa lori anayeshuka upande huu kama posta inachelewa. Wengi wanapumzika karibu na hapa na wanajua kanisa letu. Mwambie aulizie Mama Nasimiyu wa nyumba za reli.

Mambo mengine ni ya kawaida. Mtoto wa Wangeci ameoa, harusi ilikuwa nzuri na wali ulikuwa mchache. Cherehani yangu imetengenezwa. Nimekushonea fulana mbili, zitakuja na mtu wa kwanza nitakayemwamini.

Dishon anakusalimu na kusema usichimbe mpaka ukatokea upande wa pili. Nasimiyu anakusalimu, na anauliza kama ni kweli huko nyota zinaonekana zote. Wadogo wake wanakusalimu kwa kelele. Mama anakusalimu kutoka Kimilili kwa barua niliyoipata wiki jana, na shangazi Nabiswa pia, ambaye siku hizi hasikii vizuri lakini jina lako analisikia. Mungu akulinde na jua la huko, ayapeleke maji karibu na mkono wako kila unapochimba, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi hii Warigia akapita, akitoka kanisani. Aliiona mezani akauliza kama ndiyo ya yule ndugu yangu wa Wajir. Nikamwambia ndiyo, na kwamba kila kitu sasa kinangoja jibu lako. Akaishika bahasha, akasoma anwani, akairudisha mezani polepole. Akasema kuanzia leo anaiombea barua yako ifike salama. Nikamshukuru. Sikumuuliza anaomba iseme nini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ukijibu na hata ukichelewa,

Asenath